Daftari la Njoo Kesho

Ukurasa wa kwanza wa daftari lile una mistari minne tu. Tarehe, 9 Februari 2015. Nauli ya watu wawili kutoka Awasi, kwenda na kurudi. Ofisi tuliyoiendea. Na mwisho, kwa mwandiko wa mhazini wetu unaolalia upande wa kulia: "Mkubwa hayupo. Turudi Alhamisi."

Wakati ule sikuona haja ya mstari wa nne. Mhazini alikuwa mama muuza omena katika soko la Awasi, aliyeacha shule darasa la saba, na alizoea kuandika kila shilingi iliyotoka kwenye mfuko wa kikundi. Tukiwa ndani ya matatu, tukirudi mikono mitupu, nilimuuliza kwa nini anaandika habari ya mtu ambaye hatukumkuta. Akanijibu bila kuinua macho: "Nauli imetoka, Mwalimu. Lazima niandike imenunua nini. Leo imenunua Alhamisi."

Miaka saba baadaye daftari lilikuwa limejaa, limefungwa kwa uzi wa gunia, na ndilo lililotuletea maji. Sisemi hivyo kwa kulipamba. Nataka kueleza ilivyokuwa, kwa sababu najua wapo watu wengi, hapa kwetu Nyando na kwingineko, walioketi sasa hivi kwenye benchi la mbao nje ya mlango fulani, wakiwa na bahasha ya kaki mapajani, wasijue kama siku yao inaliwa na sheria au inaliwa na mtu.

Asiyeijua Awasi huipita tu akienda Kericho. Ni soko la kando ya barabara kuu magharibi mwa Kenya, pale inapochepuka barabara ya Chemelil, penye matrekta ya miwa, bodaboda, na akina mama wa nyanya na samaki. Kaskazini utaiona milima ya Nandi, kusini nyanda za juu za Nyabondo, na katikati ni tambarare ya Kano yenye udongo mweusi unaoshika kiatu na kukataa kukiachilia. Mvua ikinyesha huko milimani, Mto Nyando hutufurikia hata kama kwetu jua linawaka. Maji hatuyakosi. Tunachokosa ni maji ya kunywa. Kila baada ya mafuriko, vyoo na visima vifupi huchanganyika, na watoto huanza kuhara.

Mwaka 2014, nilipokuwa nimestaafu ualimu, akina mama 32 wa kijiji chetu walikubaliana kuchimba kisima kirefu. Walinifanya katibu wao kwa kuwa najua kuandika barua za ofisini. Jirani mmoja, mzee wa makamo, alitoa robo ekari ya shamba la ukoo wao bila kudai hata senti. Shirika moja la wafadhili likaahidi kulipia uchimbaji, kwa sharti moja: kipande kile kiwe na hatimiliki kwa jina la kikundi. Sharti lilikuwa la haki. Nani atazika pesa katika ardhi ambayo kesho mtu anaweza kuizungushia ua?

Hapo ndipo safari ilipoanza. Hatimiliki ya shamba ilikuwa bado kwa jina la baba yake jirani yetu, aliyefariki zamani. Ili jina libadilike, ilibidi mirathi ifunguliwe mahakamani. Ili mirathi ifunguliwe, ilihitajika barua ya chifu na cheti cha kifo. Marehemu alifia nyumbani, akazikwa nyumbani, na kifo chake hakikuandikishwa popote. Sheria inasema kifo kisichoandikishwa ndani ya miezi sita hakiandikishwi tena mpaka msajili mkuu atoe idhini kwa maandishi. Idhini ikaja, cheti kikatoka, na jina kwenye cheti likawa limekosa herufi moja iliyomo kwenye hatimiliki. Kwa herufi hiyo moja tulirudi nyuma hatua tatu.

Niliikumbuka filamu ya Ousmane Sembène, Mandabi, ya mwaka 1968. Mzee wa Dakar anatumiwa hawala ya pesa na mpwa wake aliyeko Paris. Hawezi kuichukua bila kitambulisho, na kitambulisho hakitolewi bila cheti cha kuzaliwa. Anakwenda mlango hadi mlango, na kila mlango unamvua kitu. Nilipoitazama nikiwa kijana niliona ni habari za Senegal. Kwenye benchi lile nilijua ni habari zetu sote ambao wazazi wetu walizaliwa na kufa bila karani kuwaona.

Yapo maneno ambayo mtu huyajua kwa moyo baada ya mwaka mmoja wa benchi. Mkubwa yuko mkutanoni. Afisa yuko nyanjani. Mtandao umelala. Faili halionekani. Hiyo ni kazi ya kaunti. Ukienda kaunti: hiyo ni kazi ya serikali kuu. Na lile linaloyafunga yote: njoo kesho. Siku moja tulikaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa tukitazama, kupitia mlango ulioachwa wazi, koti la afisa likiwa limetundikwa kwenye kiti chake. Koti liliripoti kazini. Mwenye koti hakuonekana.

Lakini nisiwasimulie kana kwamba kila aliyekaa nyuma ya dawati alikuwa adui. Siku moja karani wa masijala alituingiza ndani tujionee wenyewe. Mafaili yalirundikwa sakafuni hadi kiunoni, mengine yameliwa pembe na mchwa, paa linavuja, na ndoo imewekwa chini ya tundu. Walikuwa wafanyakazi wawili badala ya sita. "Mzee," aliniambia, "ninyi mnanisubiri mimi, na mimi nasubiri rafu za kuwekea mafaili tangu niripoti hapa." Alikuwa akipekua kwa mikono siku nzima, pua imefungwa leso kwa sababu ya vumbi. Tangu siku ile nilijifunza kutofautisha mlinda lango aliyefunga mlango na yule aliyefungiwa ndani pamoja nasi.

Mhazini naye alikuwa na namna yake ya kutofautisha. Mwaka wa pili alichora mstari katikati ya kurasa za daftari. Upande wa kushoto aliandika "siku za sheria", upande wa kulia "siku za watu". Siku za sheria ni zile ambazo ofisi ikikusubirisha, inaweza kukuonyesha imeandikwa wapi. Ombi la mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 kuleta pingamizi. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa, hungoja miezi sita kabla ya kuomba uthibitisho. Bodi ya ardhi nayo haikai kila siku; ukiikosa mwezi huu, unangoja mwezi ujao. Hizo zote ziliingia kushoto, bila lawama.

Na siku za sheria zilitufundisha kitu. Ndani ya zile siku 30 alijitokeza mama mmoja aliyeolewa upande wa Muhoroni, binti wa marehemu, ambaye ndugu zake walimwacha nje ya orodha ya warithi. Sheria yetu ya urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimtofautishi mtoto wa kike na wa kiume katika mali ya mzazi asiyeacha wosia. Ndugu walikasirika. Mimi pia nilihisi moyo ukizama, kwa kuwa niliona kisima kikisogea mbali tena. Lakini mama yule alikuwa na haki, na kama siku zile zisingekuwapo, tungekuwa tumejenga kisima cha akina mama juu ya dhuluma aliyofanyiwa mama mwenzao. Mwishowe alipata fungu lake, akatia sahihi, na akaongeza mchango wake kwenye kikundi. Lango lililowekwa na sheria lilikuwa limemlinda mtu. Tangu hapo sikubali mtu aniambie kwamba dawa ni kuondoa taratibu zote.

Upande wa kulia wa ukurasa ndio uliotuumiza. Katika ofisi moja, ambayo siitaji, faili letu lilipotea. Tuliporudi mara ya nne, kijana mmoja nadhifu alitufuata kwenye veranda. Hakuwa mfanyakazi wa pale, ila kila mfanyakazi alimsalimu kwa jina. "Mzee, faili lenu lipo," akasema kwa upole. "Elfu tatu tu, litaonekana leo hii."

Kabla sijajibu, mhazini alifungua daftari na kutoa kalamu. "Mwanangu, niandike elfu tatu ya nini?"

"Andika tu ya chai, Mama."

"Nikirudi nitawasomea akina mama thelathini na wawili. Niwaambie nimenunua chai, na wao bado wanakunywa maji ya mto?"

Kijana aliangalia kalamu, akaangalia ukurasa, akaondoka bila neno.

Wasimulizi wengi huishia hapo, mwadilifu akishinda. Sisi hatukushinda siku ile. Faili lilikaa bila kuonekana miezi minne zaidi. Ndani ya miezi hiyo, mwaka 2017, muda wa wafadhili uliisha na pesa zao zikaenda kwingine. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, wajukuu wa watu watatu katika kikundi walilazwa kwa kuhara. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwetu methali hiyo haikuwa mfano.

Nilikaa usiku mwingi nikijiuliza kama tulikosea. Kikao kilipoitishwa, nilidhani akina mama watamlaumu mhazini. Mmoja wao, mjane ambaye mjukuu wake alikuwa ametoka hospitali juzi, alisimama akasema: "Tungelipa, faili letu lingepanda juu. Lingepanda juu ya faili la nani?" Hakuna aliyejibu. Hongo hainunui kazi, kwa maana kazi ile imeshalipiwa mshahara. Inanunua nafasi ya mtu mwingine kwenye foleni, na mtu huyo kwa kawaida ni yule asiye na elfu tatu.

Najua ugonjwa huu una mizizi mirefu. Babu yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Miwani enzi za ukoloni, akiwa amening'iniza kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kipande kilikuwa na alama za vidole vyake na sahihi za waajiri wake, na mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, babu hakuweza kwenda popote bila kuhesabiwa mtoro. Ofisi ya kwanza ambayo watu wetu waliijua haikujengwa iwahudumie. Ilijengwa iwazuie. Uhuru ulikuja mwaka 1963, bendera ikabadilika, lakini mazoea ya kuona sahihi ya mkubwa kama hisani yalibaki kwenye madawati, na yalibaki pia ndani yetu tunaovua kofia mlangoni.

Ndani yetu, nasema, kwa sababu siku moja kwenye benchi nilimkumbuka kijana mmoja. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule fulani ya sekondari. Alikuja kuchukua cheti chake cha mtihani wa kidato cha nne. Alikuwa na deni la karo, na nilimwambia arudi akiwa na pesa. Alirudi mara tatu. Mara ya tatu alileta nusu ya deni, akaniomba nimpe cheti aende kutafuta kazi ili amalizie. Nilikuwa na funguo za kabati mfukoni. Nikamwambia: "Njoo mwezi ujao." Hakurudi tena. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inamkataza mtu au taasisi yoyote kumzuilia mtahiniwa cheti chake, lakini hata kabla ya sheria hiyo nilipaswa kujua kwamba karatasi ile ilikuwa yake. Shule ilinidai hesabu ya karo, na mimi nikaitoza kwa maisha ya mtoto wa watu. Sikuwa mwovu. Nilikuwa mtu mwenye funguo aliyeamini kwamba yeye ndiye anayengojewa, na kwamba kungojewa hakumgharimu mtu chochote. Nilimtafuta katika miaka ile ya benchi. Niliambiwa alihamia mbali zamani. Sijampata.

Aliyetufungulia njia alikuwa mama mmoja karani aliyekaribia kustaafu. Mwanzoni mwa mwaka 2021, baada ya ofisi kufungwa kwa ajili ya korona na baada ya mafuriko ya 2020 yaliyowahamisha jamaa zetu wengi wa Nyando, tulimwendea na daftari, faili letu likiwa limepotea tena. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kimya. Kisha akaniambia: "Mwalimu, miaka yote hii mmekuwa mkiuliza kwa mdomo. Mdomo haupigwi muhuri. Msije tena bila barua. Leteni nakala mbili, moja iachwe, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe."

Akanyoosha kidole ukutani. Palikuwa na ubao ambao nilikuwa nimeuona mara nyingi bila kuusoma: mkataba wa huduma. Umeorodhesha kila huduma, kinachohitajika, ada yake, na siku inazopaswa kuchukua. Mhazini alisimama mbele ya ubao ule akanakili mstari mmoja mmoja. Huduma tuliyoingojea miezi kumi na minne ilikuwa imeandikiwa siku zinazohesabika kwa vidole.

Niliandika barua usiku huo. Sikutukana wala kulia. Niliandika tarehe za safari zetu zote kama zilivyokuwa daftarini, nikaweka kando yake idadi ya siku zilizoandikwa ukutani. Nilitaja Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa na maafisa wa serikali kwa haki na bila kucheleweshwa, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya afisa inapomuumiza. Niliomba kuelezwa faili liko wapi, kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo humpa afisa siku 21 za kujibu. Na nikasema kwamba tusipojibiwa, tutaipelekea nakala Tume ya Haki za Kiutawala, iliyoundwa mwaka 2011 kwa ajili ya malalamiko ya namna hii hasa na ambayo haimtozi mlalamikaji ada.

Tuliipeleka tukiwa watano. Hilo nalo ni somo. Mzee mmoja akisimama dirishani ni mwombaji. Watu watano, mmoja akiandika, ni raia. Karani aligonga muhuri. Siku ya kumi na saba nilipigiwa simu: faili limeonekana. Hakuna aliyetuambia lilikuwa wapi, wala sikuuliza.

Hayo mengine yalikwenda kwa mwendo wa kawaida, na kwa mara ya kwanza nilijua mwendo wa kawaida unafananaje. Mpima ardhi alikuja, mipaka ikawekwa, bodi ikaridhia, hatimiliki ya robo ekari ikatoka kwa jina la kikundi kabla ya Krismasi. Mwaka 2022 wafadhili wengine walikubali, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi akapima, vibali vikatolewa, mtambo wa kuchimba ukaingia kijijini ukikokota tope la Kano kwenye magurudumu. Akina mama walisimama pembeni tangu alfajiri. Maji yalipotoka yalikuwa ya kijivu kwanza, kisha yakang'aa. Mjane aliyeuliza "lingepanda juu ya faili la nani" hakuwapo. Tulimzika mwaka uliotangulia.

Baada ya sherehe, mhazini aliniita tukajumlisha daftari. Safari 58. Siku za sheria hazikufika mwaka mmoja na nusu. Siku za watu zilizidi miaka mitano. Aliiandika hesabu ile chini ya ukurasa wa mwisho, akapiga mistari miwili kama anavyofunga hesabu za mauzo ya omena.

Nilidhani limekwisha. Lakini mwaka uliofuata alikuja mwanamume kutoka kijiji cha pili, mwenyekiti wa kamati ya zahanati ambayo kuta zake zimesimama bila paa, ikingoja sahihi. Aliuliza kama anaweza kuliazima. Mhazini alikataa kuliachia daftari lenyewe. Alimpeleka kwenye duka la kutoa nakala pale Awasi, wakanakili kurasa za barua, za ubao wa ukutani, na ile iliyochorwa mstari katikati. Kisha akaingia duka la pili, akatoka na daftari jipya la kurasa 200. Alilifungua kwenye meza yake ya samaki, akachora mstari wa kwanza kwa rula, na kumpa mwenyekiti kalamu aandike tarehe.